Flavonoidi na kisukari: kinachopotea jikoni na kinachofika mwilini

Ukimenya kitunguu chekundu kwa pupa, ganda kavu likatoka pamoja na tabaka la kwanza la nyama, umetupa sehemu ambayo gramu kwa gramu ina kwesetini nyingi kuliko moyo wa kitunguu uliobaki mkononi. Hapo ndipo tunapoanzia na mtu mwenye kisukari anayesema anataka kujisaidia kwa mimea. Hatuanzi na jani la porini wala unga wa kopo. Tunaanza na kisu, sufuria na maji anayoyamwaga, kwa sababu wengi wanahangaika kutafuta mbali kitu wanachokitupa kila siku kwenye ndoo ya taka.

Kwesetini ni mojawapo ya flavonoidi, jamii kubwa ya kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa ajili ya rangi, kujikinga na jua kali na kupambana na wadudu. Zile za kitunguu, sukuma wiki na mlonge huitwa flavonoli. Za rosela, zambarau na zabibu nyeusi ni anthosianini. Za majani ya chai ni katekini. Za chungwa ni flavanoni, hasa hesperidini, na za soya ni isoflavoni. Inafaa kuzitofautisha, maana hazifanyi kazi sawa wala hazivumilii moto sawa. Mtu akikuuzia "flavonoidi" bila kusema ipi na kiasi gani, hajakuambia kitu.

Ushahidi mzuri uliopo kwa upande wa kinga unatokana na kufuatilia watu wengi kwa miaka mingi. Nchini Marekani, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 ulijumuisha makundi matatu ya wauguzi na wahudumu wengine wa afya, takriban watu 200,000. Waliokula anthosianini nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kupata kisukari aina ya pili iliyo ndogo kwa asilimia 15 hivi kuliko waliokula kidogo kabisa. Flavonoidi zikijumlishwa zote pamoja, tofauti hiyo haikuonekana. Tafiti za namna hii zina udhaifu wake: anayekula matunda kila siku huenda pia anatembea zaidi na havuti sigara, na hesabu haiwezi kuyatenganisha yote. Isitoshe, zinazungumzia kuzuia ugonjwa. Aliyekwisha kuugua ana swali jingine.

Swali lake ni hili: flavonoidi inakutana wapi na sukari? Jibu lenye mashiko zaidi ni ndani ya utumbo, wakati wa chakula. Wanga wa ugali au wali hukatwakatwa na vimeng'enya viwili, amilasi na glukosidasi, mpaka unakuwa glukosi inayopita ukutani mwa utumbo kuingia kwenye damu. Flavonoidi kadhaa, kwesetini na luteolini zikiwemo, hung'ang'ania vimeng'enya hivyo na kuvipunguzia kasi. Vidonge vya akabosi, dawa ya kisukari ya hospitalini, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila kwa nguvu kubwa zaidi. Ndani ya utumbo, flavonoidi za mlo mmoja zinaweza kuwa nyingi kiasi cha kufanya kazi hiyo. Zikishaingia kwenye damu mambo hubadilika. Ini huzifunga na kuzibadilisha, nyingine huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana, na kinachobaki kikizunguka kwa kawaida hakifiki hata maikromoli 1 kwa lita. Majaribio mengi yanayotangaza kwamba kwesetini "huamsha kongosho" yamefanywa kwa kumwagia seli za maabara maikromoli kumi, hamsini, hata mia. Kipimo hicho hukipati kwa kula vitunguu, hata ule gunia.

Kutokana na hilo tunashika kanuni moja: chakula chenye flavonoidi kiliwe pamoja na wanga, na ikiwezekana kiutangulie. Kikombe cha majani ya dawa kinachonywewa alfajiri juu ya tumbo tupu, wakati chapati italiwa saa tatu, hakina cha kukutana nacho. Kuanza na kachumbari na mboga, ukafuatia maharage au samaki, ugali ukaja mwisho, kunapunguza mruko wa sukari baada ya kula. Sifa kubwa hapo inastahili nyuzi na protini, flavonoidi wanasindikiza tu. Kwa mgonjwa haidhuru nani apewe sifa.

Kabla ya kurudi jikoni, kuna kisa kimoja kinachoonesha umbali uliopo kati ya mmea na dawa. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa kwenye gome la mtufaha kitu kichungu walichokiita florizini, ndugu wa karibu wa flavonoidi. Mwaka 1886 Josef von Mering alionesha kwamba florizini humfanya mtu akojoe sukari, kwa kuwa inaziba mlango ambao figo huutumia kuirudisha glukosi kwenye damu. Ungedhani dawa imepatikana. Lakini ikimezwa, utumbo huivunja kabla haijafika popote, na kwa kuwa inaziba pia mlango kama huo uliomo kwenye utumbo wenyewe, huleta kuhara. Ilibidi wanakemia wabadilishe umbo lake ili isivunjwe na ili ilenge mlango wa figo peke yake, ndipo zikapatikana dapagliflozini na empagliflozini, ambazo leo madaktari huziandika kwa ajili ya sukari, moyo na figo. Zimeingia hospitalini katika muongo wa 2010. Kwa hiyo mtu akikuambia "hata dawa za hospitali zinatoka kwenye mimea", anasema kweli, ila ameruka zaidi ya miaka 120 ya kazi iliyofanyika katikati.

Turudi kwenye kitunguu. Kwa mtu mmoja, nusu ya kitunguu chekundu cha wastani, gramu 50 hivi, inatosha kwa mlo. Kitunguu chekundu huwa na kwesetini kati ya miligramu 20 na 40 kwa gramu 100, na kile cheupe kabisa kina kidogo mno. Ondoa ganda kavu tu. Tabaka la kwanza likiwa na kovu, kata kovu ubakishe lililobaki. Kosa la kawaida zaidi linafuata hapo: kitunguu hukatwa, kikapigwa chumvi, kikafikichwa mpaka kitoe povu, kikasuuzwa mara mbili ili ukali uishe. Flavonoli za kitunguu zimefungamana na glukosi kwa hiyo huyeyuka majini, na kile ulichokisuuza ndicho ulichokuwa unakitafuta. Chumvi nayo hubaki, na wenye kisukari wengi wana presha vilevile. Afadhali ukate vipande vyembamba, ukamulie ndimu moja, uache dakika 10. Rangi itageuka kuwa waridi kali, dalili kwamba anthosianini zimekutana na asidi na zimetulia, na ukali utapungua. Ile juisi ya ndimu chini ya bakuli isimwagwe, ndiyo iwe rojo la kachumbari.

Kitunguu cha kukaanga si hasara. Kwesetini huvumilia moto wa jikoni vizuri, adui yake ni maji yanayomwagwa. Kikiingia kwenye mchuzi unaonywewa, hakuna kilichopotea. Tatizo la kukaanga ni mafuta: kijiko kimoja cha chakula kina kalori zipatazo 120, na wengi humimina kwa macho.

Mboga za majani zina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni lilelile la maji. Sukuma wiki, matembele na majani ya kunde yakichemshwa kwenye maji mengi kisha yakakamuliwa, sehemu nzuri ya flavonoli huenda na yale maji ya kijani. Tumia maji kidogo, nusu kikombe kwa fungu moja, funika, dakika 5 hadi 7, na maji yaishie humohumo. Kisamvu ni kesi tofauti. Kina flavonoli za kutosha lakini kina sianidi pia, kwa hiyo lazima kitwangwe vizuri na kichemshwe muda mrefu bila kifuniko. Hapo usalama unatangulia, flavonoidi zisubiri.

Jambo la pili ni magadi. Huwekwa kwenye kisamvu, mlenda na maharage ili vilainike haraka. Magadi huyageuza maji kuwa ya kialkali, na flavonoidi nyingi, anthosianini zaidi, huvunjika katika hali hiyo huku moto ukiharakisha. Mchuzi wa maharage meusi uliotiwa magadi hubadilika rangi mbele ya macho yako. Juu ya hayo unaongeza sodiamu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi. Maji ya kulowekea yanaondoka na rangi kiasi, lakini yanaondoka pia na zile sukari zinazoleta gesi, na mtu aliyejaa gesi ataacha maharage baada ya wiki moja. Hapo tunakubali hasara ndogo ili mtu aendelee kula maharage.

Rosela, ambayo wengine huiita choya, inastahili maelezo marefu zaidi kwa sababu inasifiwa sana na kuharibiwa sana. Utafiti unaoheshimika kuihusu, uliotoka mwaka 2010 nchini Marekani, ulikuwa wa presha, haukuwa wa sukari: gramu 1.25 za rosela kavu katika mililita 240 za maji yaliyochemka, dakika 6, vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita. Presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) ilishuka kwa wastani wa 7.2, wakati waliokunywa kinywaji cha kulinganishia walishuka 1.3. Kwa mwenye kisukari hiyo ni faida halisi, kwa kuwa presha ndiyo inayomalizia figo na macho ambayo sukari imeanza kuyadhuru. Ila usitarajie kwamba rosela itakushushia sukari ya asubuhi.

Tengeneza hivi. Pima gramu 5 za rosela kavu kwa lita moja ya maji, yaani konzi ndogo. Isuuze haraka kuondoa mchanga, usiiloweke. Chemsha maji peke yake, epua, kisha mimina juu ya rosela ndani ya chombo cha kioo au cha chuma kisichopata kutu. Sufuria ya alumini haifai kwa sababu asidi ya rosela inaimomonyoa. Funika dakika 6 hadi 10, chuja, acha ipoe. Kuichemsha nusu saa, kama wafanyavyo wauzaji wengi, kunaunguza anthosianini na kuacha uchachu mtupu wenye rangi ya matofali. Weka tangawizi au kipande cha mdalasini ukipenda. Juisi ya barabarani hutiwa sukari mpaka ladha ya rosela inapotea, na chupa moja inaweza kukuvurugia siku nzima. Wengine huongeza rangi ya dukani. Ukitaka kujua, mimina kidogo kwenye kikombe cheupe na unyunyizie chembe za magadi au baking soda: rosela halisi hugeuka haraka kuelekea bluu au kijani chafu, rangi nyingi za dukani hubaki nyekundu vilevile. Mwenye vidonda vya tumbo aipunguze au aiache, na anayemeza dawa za presha aanze na kikombe kimoja huku akipima presha, asije akasimama ghafla akaona giza.

Kwenye nafaka, siri iko kwenye ganda. Mtama mwekundu wa kahawia, jamii ya Serena na Seredo zilizozalishwa Serere, Uganda, una tanini na anthosianini za aina yake ambazo huwezi kuzipata kwenye mtama mweupe kama Macia. Ulezi nao umebeba katekini zake kwenye ganda la nje. Ukikoboa, unabakiza wanga na kuwalisha kuku zile flavonoidi. Basi saga nzima, bila kukoboa, na usage kidogokidogo kwa sababu unga wenye kiini huchacha mapema. Tanini hizo hufanya mmeng'enyo wa wanga uwe wa taratibu zaidi, lakini pia hushika madini ya chuma na protini, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu achanganye: mtama mwekundu siku kadhaa, nafaka nyingine siku nyingine.

Hapa watu hujidanganya sana. Gramu 100 za unga wa mtama zina wanga wa gramu 70 na kitu, karibu sawa na sembe. Rangi haifuti wanga. Ugali mweusi wa ukubwa wa ngumi mbili utakupandishia sukari kuliko ugali mweupe wa ngumi moja. Uji wa ulezi nao ukisagwa laini kama vumbi, ukachemshwa mpaka ukawa mwepesi, ukatiwa sukari na maziwa, unapita haraka kama kinywaji chochote kitamu. Kimea cha ulezi ndiyo kabisa, kwa kuwa wanga wake umeshaanza kuvunjwa kabla haujaingia mdomoni.

Tazama namna tunavyokula chungwa. Muuzaji humenya kwa kisu, akakata kofia, mtu akaminya na kunyonya, makapi yakaenda chini ya mti. Hesperidini imejaa kwenye ule utando mweupe na kwenye ngozi zinazotenganisha vipande, yaani kwenye makapi. Mnyonyaji amechukua maji na sukari, flavanoni ameziacha. Chungwa la mwenye kisukari limenywe kwa mkono, utando mweupe ubakie kiasi, liliwe kipande kwa kipande na ngozi zake. Moja la wastani lina sukari ya gramu 12 hivi pamoja na nyuzi, wakati glasi ya juisi ya mililita 250 hula machungwa matatu au manne na kukupa sukari zaidi ya gramu 20 bila kutafuna chochote. Uchambuzi mwingine wa watu walewale wa Marekani, wa mwaka 2013, uliona jambo hilo kwa upande wake: matunda mazima kama zabibu na tufaha yaliambatana na hatari ndogo ya kisukari, juisi za matunda ziliambatana na hatari kubwa zaidi. Pera nalo lisimenywe.

Kuhusu chai tutasema machache. Chai ya kijani hubaki na katekini zake. Chai nyeusi huachwa ichachuke kiwandani na katekini nyingi hugeuka kuwa vitu vingine, vyenye faida yake pia. Kenya ina chai ya zambarau, aina iitwayo TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, yenye anthosianini ndani ya jani la chai. Kwa zote, gramu 2 za majani kwa kikombe na dakika 3 hadi 5 zinatosha, ila ya kijani isimwagiwe maji yanayotokota, yapoe kidogo kwanza. Inywewe saa moja mbali na mlo kwa mwenye upungufu wa damu, maana chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa. Na sukari: vijiko viwili vya chai katika vikombe vitatu kwa siku ni gramu 24 hadi 30. Hakuna katekini itakayolipa deni hilo. Vidonge vya dondoo la chai ya kijani tunavikataa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile katekini kuu, kwa njia ya vidonge, huhusishwa na dalili za ini kuumia.

Halafu yapo majani ya kuchemsha, na ndiyo yanayoulizwa zaidi. Majani ya mpera yana msingi mzuri kuliko mengi. Nchini Japani chai yake imeidhinishwa tangu mwaka 2000 kuuzwa kama kinywaji cha kuwasaidia wanaojali sukari ya baada ya mlo, na hoja yake ni ileile ya kuzuia amilasi utumboni. Chuma majani yaliyokomaa yasiyo na madoa wala dawa ya kupulizia, osha, kausha kivulini mpaka yanavunjika mkononi, kisha loweka gramu 3 hivi kwenye kikombe cha maji moto kwa dakika 10 na unywe wakati wa kula. Yanafunga choo. Ukiona choo kigumu, punguza.

Majani ya zambarau hayajafanya vizuri hivyo. Watafiti wa Brazili waliyajaribu kwa wanyama na kwa watu, wakachapisha mwaka 2000, na sukari haikushuka. Hata hivyo bado yanauzwa kwa kujiamini kabisa. Mlonge tunaukubali kama mboga: majani tu, yakaushwe kivulini, kijiko kimoja cha chai cha unga juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Mizizi na magome yake yana sumu na hayafai kunywewa.

Mdalasini una mtego wake. Ule wa magome manene, magumu, yaliyojikunja mara moja tu, ni kasia, na una kumarini inayodhuru ini. Mdalasini halisi, unaolimwa Zanzibar pia, una matabaka membamba mengi yanayovunjika kwa vidole. Ulaya imeweka kiwango cha kumarini cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani miligramu 6 kwa mtu wa kilo 60, na gramu moja ya kasia inaweza kuwa na miligramu 3 au zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha unga kila siku kinaweza kuvuka kiwango hicho. Unga ulioko kwenye pakiti huwezi kuutambua kwa macho, kwa hiyo nunua magome usage mwenyewe.

Balungi na danzi vina flavanoni, lakini pia vina kemikali zinazoziba kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza makali ya dawa nyingi. Anayemeza simvastatini au atovastatini kwa ajili ya mafuta ya damu, au nifedipini kwa ajili ya presha, aviache kabisa: dawa hujikusanya mwilini kana kwamba ameongeza dozi, na kuyatenganisha kwa saa chache hakusaidii. Chungwa la kawaida na chenza havina shida hiyo. Mbirimbi, ambao watu wa pwani wanauweka kwenye achari na mchuzi, ni salama kwa kiasi hicho. Juisi yake nzito inayonywewa kama dawa siyo salama. Kerala, kusini mwa India, madaktari wameripoti wagonjwa walioingia hospitalini figo zikiwa zimeziba kwa fuwele za oksaleti baada ya kunywa juisi hiyo. Figo za mwenye kisukari hazina akiba ya kuchezea.

Chupa ya "dawa ya sukari" inayoshusha sukari siku ya kwanza ndiyo inayotutia hofu kuliko isiyofanya kitu. Flavonoidi hazifanyi hivyo. Kinachofanya hivyo ni glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, iliyosagwa ikachanganywa humo kimyakimya. Singapore, mwanzoni mwa mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walipelekwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya, na 4 walifariki. Dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume, zilizokuwa zimetiwa glibenklamidi, zilikutwa kuwa chanzo. Ukitumia kitu cha chupa kisha ukatetemeka, ukatoka jasho baridi, mapigo ya moyo yakaenda mbio, pima. Chini ya milimoli 3.9 kwa lita, kunywa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi. Usingoje nyumbani, kwa sababu glibenklamidi inakaa mwilini kwa saa nyingi na sukari itashuka tena.

Metformini haisimamishwi kwa sababu ya chai ya mpera. Insulini kwa mwenye kisukari aina ya kwanza haisimamishwi kwa sababu yoyote ya mimea, hata siku moja, kwani ndani ya siku chache damu hujaa asidi na mtu hupoteza fahamu.

Sasa kupima, maana bila mashine yote haya ni imani. Chagua mlo mmoja unaoweza kuurudia bila kubadilisha: mathalani ugali wa unga gramu 80 uliopimwa, maharage kikombe kimoja, mboga ileile, saa ileile. Siku ya kwanza kula ukinywa kikombe cha chai ya mpera, siku nyingine kikombe cha maji moto matupu kwa ukubwa uleule, ili kinachotofautiana kiwe majani peke yake. Pima kabla ya tonge la kwanza, na tena saa 2 tangu tonge hilo, si tangu ulipomaliza. Usitembee siku moja ukalala nyingine, na dawa zako ziwe zilezile. Rudia mara tatu kwa kila upande kwa kupokezana. Hiyo ni stripu 12, na bei yake inauma, kwa hiyo jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja na kile tu unachokusudia kuendelea nacho.

Ukilinganisha, angalia kiasi sukari ilivyopanda kutoka kabla ya mlo hadi baada yake, usiangalie namba ya mwisho peke yake. Mashine za nyumbani zinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15, kwa hiyo milimoli 9.4 na 8.6 kwa lita ni namba moja. Tofauti ya 2 inayojirudia mara zote tatu ina maana. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kabisa kabla ya kutoboa: aliyetoka kumenya chungwa akapima bila kunawa anapima sukari ya chungwa iliyo kwenye kidole, na mashine inaweza kumsomea namba ya kutisha. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, lisikae jikoni karibu na mvuke wala juu ya dashibodi ya gari. Na kama una selimundu au upungufu wa damu, mwambie daktari kabla ya kutegemea kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), maana kinaweza kusoma pungufu au zaidi ya hali yako halisi. Kwa mtu huyo, daftari la namba za kidole ndilo la kwenda nalo kliniki, likiwa na safu ya pembeni inayoonesha alichokula na alichokunywa.